Twita Inalia, Mzee Anauliza: Mbona Haijawaka?

Wasomaji wangu, wiki hii sina habari ya fulani kafumaniwa wala nani kamkimbia nani. Leo naanika ya nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Njombe. Ukicheka, ruksa. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipogeuka nikamwona mama watoto hacheki.

Kasheshe ilianza na spika. Sisemi hizi sabufa zenye taa za rangi rangi ambazo siku hizi kila kibanda cha chipsi kina moja. Nasema spika za sebuleni za kizamani kutoka Uingereza, mbili, kila moja inanifika kiunoni na uzito wake nusu mfuko wa simenti. Nilizikuta Dar kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahama, anauza kila kitu mpaka ndoo za uchafu. Zilipokuwa mpya, bei yake ungepata ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Mimi nilizipata kwa bei ya kutupa, na kusema ukweli zilikuwa za kutupa. Mbwa wake alishakojolea moja, kona ya boksi imevimba. Koni za besi zimechanika pembeni kote kama kaptula ya mwanafunzi.

Kondakta wa basi alinilipisha nauli ya abiria wawili zaidi. Nikalipa. Mapenzi ni upofu, na kama utakavyoona, mengine ni uziwi.

Kwa wasioijua Njombe, tuko juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba baridi yake haina adabu. Kuna asubuhi unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi. Watu wa Dar wana baraza na upepo wa bahari. Sisi saa moja jioni mtu yuko ndani, koti mwilini, chai mkononi, na redio inasema. Sebule ndiyo baraza letu. Sasa mtu anayeishi hivyo ukimwambia spika ni anasa, hakuelewi.

FUNDI WA NJIA PANDA

Fundi nilimpata Makambako, kilomita kama 60 kutoka kwetu. Pale ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar na Mbeya, na ndipo penye stesheni ya reli ya TAZARA waliyoijenga Wachina miaka ya 1970. Mji wa njia panda haukosi fundi. Huyu wangu kazi yake hasa ni kuchonga maspika ya baa na ya kumbi za harusi, lakini alipoziona hizi zangu alinawa mikono kwanza. Hapo nikajua nimefika.

"Kaka, hizi hazijafa," akasema. "Zimeoza sponji tu."

Hebu niwaeleze, maana somo hili lilinigharimu. Spika ni kitu rahisi. Koni ya karatasi imeshonewa koili ya waya, na koili imekaa ndani ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, koni inakwenda mbele na nyuma, hewa inasukumwa, wewe unasikia Mbaraka Mwinshehe. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, waliieleza spika ya namna hiyo mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani ni wazo lao lile lile lililovalishwa suti mpya.

Ili koni iweze kucheza, ukingoni imeshikwa na mviringo wa sponji laini. Sponji hiyo inaweza kuoza yenyewe baada ya miaka 15 au 25, hata kama spika hukuipiga. Unaigusa, inabaki vidoleni kama masizi. Watu wengi wakiona hivyo wanatupa spika nzima. Ni sawa na kutupa gari kwa sababu ya pancha.

Fundi alikwangua sponji yote. Akakata kwa wembe ile kofia ndogo ya katikati ya koni, akachomeka vipande vya negativu za picha kuzunguka koili, ili koni isimame katikati wakati gundi ya ukingo mpya inakauka. "Ikilala upande hata unene wa unywele, itakwaruza," akasema. Tukaiacha usiku kucha. Asubuhi akachomoa negativu, akaibonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote, sikio ameliinamisha. Kimya. Akapumua. Nikainua negativu moja nikaiangalia kwenye mwanga: ilikuwa harusi ya watu, bibi harusi mweupe pe na shela nyeusi.

Kisha akafungua krosova, kile kibao cha koili na kapasita kinachogawa kazi, sauti nene ziende kwenye besi, sauti nyembamba ziende kwenye twita. Kapasita za aina ile hukauka zikizeeka. Alizipima moja moja, akabadilisha kwa zenye namba ile ile ya mikrofaradi. Nikamwomba aweke kubwa zaidi, maana nimelipa. Akaniangalia vibaya. "Kaka, hii siyo sahani ya pilau."

Nikarudi Njombe kama bwana harusi. Nikafunga waya mwenyewe, nikawasha. Mama yangu! Besi hakuna. Sauti ya mwimbaji inatoka kila mahali na haitoki popote, kama mchawi. Nikampigia fundi kwa hasira. Akauliza swali moja tu: "Waya mwekundu umeuweka wapi?" Kumbe spika moja nilikuwa nimeigeuza. Moja ikisukuma hewa, mwenzake anaivuta. Besi zinauana zenyewe. Dawa yake ni betri ya tochi ya volti 1.5. Ukiigusisha kwenye waya za besi kwa nukta moja, chanya kwa chanya, koni iruke mbele. Ikirudi nyuma, umegeuza. Hili kosa ni langu, simsingizii mtu.

KITENGE NA CHOMBO CHA MAUA

Upande wa sauti nikaona nimemaliza. Ukaja upande wa sura, na hapo serikali ya nyumba ikaingia.

Mama watoto alikuwa na hoja zake. Spika zikae kwenye kona mbili za mwisho, zisiharibu mpangilio wa makochi. Juu ya kila moja kikae chombo cha maua na kitambaa chake. Na ile nguo ya mbele, ambayo kwa kweli ilikuwa imetoboka na inanuka mbwa, akaivua akashona mpya ya kitenge, rangi moja na mapazia. Ikapendeza sana. Wageni wakiingia wanasifia kabla hawajakaa. Mimi nikafurahi maana kona zilinipa besi ya kutikisa vikombe kabatini.

Sasa nisikilizeni. Kona ni kipaza sauti cha bure. Besi ikigonga kuta mbili na sakafu inarudi imejazwa, hata ukiwa hukuiomba. Tena kila chumba kina noti yake inayoipenda. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Igawe kwa urefu wa chumba chako mara mbili. Sebule yangu ina mita 4.2, kwa hiyo jibu ni kama 40. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubonyezwa, unatikisika mara 41 kwa sekunde. Unaona balaa? Kila mpiga besi akiugusa waya ule, sebule yangu yote ilikuwa inapiga mwangwi pamoja naye, sakafu ya simenti, kuta za plasta na chombo cha maua kikiitikia kwa juu, "zzzz".

Mimi hiyo nikaiita raha. Nilikuwa nawaita majirani waje wasikie.

REDIO HAIKUSEMA

Katika sebule hiyo kulikuwa na mtu wa nne ambaye sijamtaja. Baba mkwe wangu.

Mzee tulimchukua kutoka Makambako baada ya mama mkwe kufariki. Maisha yake yote ya kazi, zaidi ya miaka 30, aliyamalizia kwenye mashine za kupasua mbao. Huku kwetu mti ndio benki. TANWAT walianza kupanda miwati hapa Njombe tangu mwaka 1949, baadaye misindano ikajaa milimani, na popote penye magogo pana msumeno. Mzee alisimama mbele ya msumeno asubuhi mpaka jioni, kichwani ana kofia, masikioni hana kitu. Enzi hizo nani alikuwa anavaa kitu masikioni?

Alipokuja kwetu alikuwa amebadilika. Namsalimu "Kamwene, Baba", mara anaitika, mara anatazama dirishani. Mama watoto anamwuliza, "Baba, utakula sasa au baadaye?" Anajibu, "Ndiyo." Anaombwa kisu, anauliza, "Kitu gani?" Wageni wakija anakaa nao dakika tano, anaondoka kwenda kukaa jikoni. Tukasema ni huzuni ya kufiwa. Baadaye tukasema ni uzee. Mdogo wake mama watoto akasema waziwazi kwamba Mzee ameanza kiburi, hataki kula kwa mkwe.

Na mimi, kama mnavyojua, mkwe hafokewi. Nikiongea naye nilikuwa nainamisha kichwa, sauti ya chini, macho pembeni. Heshima zote nilimpa.

Jioni alikuwa anakaa mbele ya spika zangu, saa ya matangazo ya vifo kwenye redio ya huku kwetu. Wazee wote wanafanya hivyo. Ni kuitwa majina, aliyepo na asiyekuwepo. Jioni moja lilisomwa jina la rafiki yake, mtu aliyeshika naye msumeno mmoja, huyu upande huu, yule upande ule. Mazishi kesho yake saa nane, Makambako. Mimi nilikuwa nje, mama watoto yuko kwa jirani. Mzee alikuwa kitini, redio imewashwa, spika zile mbili za bei mbaya zinamtazama usoni.

Habari tuliipata siku ya nne, kwa dereva wa lori la mbao. Marehemu amezikwa, na watu wa Makambako wanaulizana kama Mzee siku hizi amekuwa mtu wa mjini, hata wenzake hawazikii.

Alikasirika kama sijawahi kumwona. "Redio haikusema!" alisema. "Nilikaa hapa. Redio haikusema!" Tukamkubalia kwa mdomo. Moyoni kila mtu akajua alisinzia.

TWITA PEKE YAKE

Mimi nilikuwa na kesi yangu nyingine. Muziki ulikuwa umepoa. Matoazi hayang'ai, maneno ya mwimbaji yana blanketi. Nikahukumu: twita zimechoka. Nilikuwa nimeuza viazi vizuri msimu ule, pesa nimeiweka mahali, nikapanga kuagiza twita mpya kutoka ng'ambo. Nikampigia fundi kumjulisha.

"Subiri kwanza, usile hasara," akasema. "Chomoa besi. Piga twita peke yake. Sikiliza."

Jumapili baada ya kanisa nikavua kitenge, nikachomoa waya za besi, nikaweka santuri. Twita ikipigwa peke yake haina muziki, ina vinong'ono tu: ss, ts, tch, tch, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Wanangu walikuwa mlangoni. "Baba, inalia sana!" Mimi nilibidi nisogee ili niipate vizuri, na mimi si kijana tena. Mama watoto akaisikia akiwa kwenye kochi.

Mzee akaona wote tumeinama mbele ya boksi, akaja kuangalia kuna nini. Akainama na yeye. Akaweka sikio karibu kabisa na twita, shubiri moja. Akasikiliza kwa makini. Akasubiri. Kisha akanyanyuka akaniuliza kwa upole:

"Mbona haijawaka?"

Watoto waliangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nikageuka kwa mama watoto tucheke wote, nikamkuta ameshika mdomo, machozi yanamtoka.

"Redio ilisema," akaniambia. "Redio ilisema, Baba hakusikia."

Wasomaji, nilikaa chini sakafuni, kwenye simenti, na baridi yote ile.

Tulimpeleka hospitali. Walimtoa nta iliyokuwa imeziba, wakamvalisha vile vifaa vya masikioni, wakampima kwa milio, anyooshe mkono akisikia. Milio mizito alinyoosha vizuri. Milio myembamba mkono ulibaki mapajani. Daktari akatueleza taratibu. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyoshika sauti. Kelele kubwa inavivunja, na vikivunjika havioti tena. Wataalamu wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane za kazi; msumeno wa mbao unapita 100 bila shida. Madhara huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na mitikisiko 4,000 kwa sekunde, halafu umri unamalizia kazi.

Sasa angalia lugha. Irabu, a na o na u, ni nene, zinasikika. Lakini s, f, sh, t na k ni nyembamba, zote ziko kwa juu, na ndizo zinazobeba maana. Kwa Mzee, "kisu" na "kitu" lilikuwa neno moja. Alikuwa anasikia kwamba tunaongea, hasikii tunasema nini. Na mtu anayesikia nusu anaona haya kuuliza mara tatu. Anasema "ndiyo", anakwenda jikoni.

Daktari akatuagiza: msimpigie kelele, kelele zinaongeza irabu tu. Mkae mbele yake, mwanga uwe usoni mwenu, mseme taratibu, aone midomo. Nikakumbuka heshima zangu zote, kichwa chini, macho pembeni. Nilikuwa nimemnyima hata midomo.

Na sebule yangu? Besi ya kona ilikuwa inafunika maneno kama blanketi. Na juu ya blanketi hilo, kitenge. Kitenge kimefumwa kwa kubana. Sauti nyembamba haipenyi vizuri. Ukitaka kujua, weka nguo mdomoni useme "ssss", halafu uiondoe useme tena. Mimi nilileta kona, yeye alileta kitenge. Hakuna wa kumtupia mwenzake jiwe.

MKONO WA MZEE

Tukaanza upya, na safari hii nikaanza na kitu ambacho ningekifanya mwanzo kabisa. Nikamwita Mzee, nikakaa mbele yake, uso kwa uso, nikamweleza kazi ninayotaka kufanya.

Hakujibu. Alikwenda kwenye boksi akaligonga kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini. Kisha akasema niwashe muziki, akaweka kiganja ubavuni mwa boksi, akafumba macho.

"Ubao huu unacheza," akasema. "Katikati hapa. Umeachwa peke yake."

Alikuwa sahihi. Kazi ya kupiga ni ya koni. Boksi likitikisika nalo linaimba wimbo wake mwenyewe juu ya wimbo wa watu. Mzee alikata kipande cha ubao mgumu, akakipima mara tatu, akakipachika ndani kutoka ubavu mpaka ubavu kwa gundi ya mbao, si katikati kabisa, pembeni kidogo, ili pande mbili zisitikisike sawa. Ile kona iliyovimba kwa mkojo wa mbwa aliichimba kwa tindo akaijaza kwa vumbi la mbao na gundi. Akapiga msasa, mkubwa kisha mdogo, akapaka vanishi nyembamba tabaka tatu, kila moja na siku yake. Sufi iliyokuwa imedondoka ndani tukaongeza kutoka kwenye mto wa zamani, tukaichambua isikae mabonge. Siku zile hakwenda jikoni hata mara moja.

Jioni niliwasimulia habari ya wahandisi wa BBC ya Uingereza. Miaka ya 1970 walihitaji spika ndogo ya kukaa ndani ya gari la matangazo ya nje. Wakaunda moja waliyoiita LS3/5a, kimo chake sentimita 30 tu, boksi la plaiwudi nyembamba. Mpaka leo watu wanaigombania. Sifa yake kubwa haikuwa besi. Watu wale kipimo chao kilikuwa sauti ya binadamu anayeongea: mtu aseme, halafu spika iseme, masikio yahukumu. Mmoja wao, Dudley Harwood, alianzisha kampuni yake mwaka 1977 akaiita Harbeth, nusu jina lake na nusu la mkewe, Elizabeth.

"Huyo alikuwa na akili," mama watoto akasema.

Basi na sisi tukafanya ya Harwood. Spika zikatoka kwenye kona, zikasogea mbele ya ukuta hatua moja nzima, juu ya vigoda alivyochonga Mzee, twita zikawa usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Kiti cha Mzee tukakiweka ili kutoka kwake mpaka kila spika, na kutoka spika mpaka spika, urefu uwe mmoja. Zulia sakafuni, pazia zito ukutani, maana sauti ikigonga simenti inarudi na kukanyaga neno linalofuata. Chombo cha maua kikahamia kabatini. Kilikuwa na miaka yake pale, kikaondoka bila maandamano.

Ikabaki nguo ya mbele. Fundi aliposikia habari ya kitenge alicheka sana kwenye simu, akauliza, "Huyo shemeji hafumi vitambaa?" Anafuma, tena sana, kochi gani Njombe halina kitambaa cha kufuma? Vitambaa vile vina matundu kila mahali, sauti inapita kama upepo kwenye wavu. Mama watoto alifuma viwili virefu, uzi wa rangi ya maziwa, akavivutia kwenye fremu. Nawaambia ukweli, ndizo spika nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na nimeona za kwenye majarida.

Pesa ya twita mpya? Ilikwenda kwenye kifaa cha sikio cha Mzee. Twita zangu zilikuwa nzima tangu mwanzo. Kifaa chenyewe si muujiza. Kinapaza maneno, na mwangwi kinapaza vile vile, ndiyo maana zulia na pazia havikuwa urembo. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba vijiko vinapiga kelele, na kwamba hakujua kama mlango wa chumba chake unalia.

Kitu kimoja hakikutengenezeka. Rafiki yake alishazikwa. Mzee alipanda basi akaenda Makambako na fimbo yake, akaenda kaburini, kisha akaenda nyumbani kwa marehemu. Alichowaambia kule hakutuambia. Alirudi jioni, akakaa kwenye kiti chake.

Mwezi mmoja baadaye, saa ile ile ya matangazo, watoto walikuwa wanagombania mahindi ya kuchoma. Mzee akainua mkono.

"Nyamazeni."

Tukanyamaza. Redio ikasoma jina, ukoo, kijiji, siku na saa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake.

"Umesikia? Ni Ijumaa. Nitafutieni koti langu."

Basi msomaji, kama una spika na unaona zimepoteza ladha, kabla hujaagiza kitu kutoka ng'ambo zitoe kwenye kona, vua kitenge, angalia waya mwekundu. Halafu waite watu wote wa nyumba, mtoto mpaka babu, uchomoe besi, upige twita peke yake, uulize kila mmoja anasikia nini. Na babu akisema haijawaka, usicheke.

Tukutane wiki ijayo.